Majaribio ya Mtaalamu Yasiwe Majaribu ya Mwanakijiji

Kila inapotajwa habari ya mafuta au makaa ya mawe katika nchi yetu, watu hukimbilia kupiga hesabu ya fedha. Huulizwa ni tani ngapi zilizomo ardhini, ni mabilioni mangapi yatakayopatikana, na ni kampuni ya nchi gani itakayochimba. Ni nadra sana kusikia mtu akiuliza: Je, wenyeji wa mahali hapo wameambiwa nini, wameambiwa kwa lugha gani, na wameelewa nini?

Mimi si mwanajiolojia wala si mhandisi. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuyachunguza maneno. Hata hivyo, naamini kwamba suala la kutoa nishati katika mawe, jinsi linavyowakabili ndugu zetu wa Kitui na Makueni, ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la mitambo. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwa nini, na nitawaomba walimu na wanafunzi waitafakari sehemu yao katika jambo hili.

Hebu tuanze na elimu yenyewe, ili asitokee mtu wa kudai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuibeba.

Mchoma makaa wa Kibwezi au wa Mutomo hupanga magogo yake, akayafunika kwa nyasi na udongo, kisha akaacha matundu machache ya hewa. Anajua kwamba moto ukipata hewa nyingi, kuni zitakuwa majivu. Moto ukinyimwa hewa, kuni hupoteza maji na moshi, na kinachobaki ni makaa. Hiyo ndiyo kanuni nzima: kukipasha kitu joto kali pasipo kukiacha kiungue.

Sasa kuna aina ya mwamba laini uliofanyika tabaka kwa tabaka, kutokana na matope ya kale yaliyozika mabaki ya viumbe. Ndani yake mna kitu ambacho wataalamu hukiita kerojeni. Mwamba huo husagwa vipande vipande, hutiwa katika tanuri lililofungwa, na kupashwa joto la kiasi cha nyuzi 500 za Selsiasi. Kerojeni huvunjika ikawa mvuke na gesi. Mvuke ukipozwa huwa mafuta, na mafuta hayo yakisafishwa yaweza kuwasha taa na kuendesha injini. Tofauti yake na kazi ya mchoma makaa ni ndogo: mchoma makaa huuacha moshi uende zake akabaki na kile kigumu, ilhali huyu wa pili huudaka moshi akakitupa kile kigumu.

Na hicho kinachotupwa si haba. Tani moja ya mwamba mzuri hutoa lita 100 hivi za mafuta. Hii ina maana kwamba zaidi ya kilo 800 za mawe yaliyookwa hubaki zikitafutiwa mahali pa kumwagwa. Aidha, shughuli hii huhitaji joto jingi na maji ya kupozea. Mwanafunzi wa Kitui hahitaji kuelezwa maana ya neno "maji" katika sentensi hiyo.

Elimu hii si mpya. Huko Uskoti, James Young alipata hataza yake mwaka 1850 kwa ufundi wa kutoa mafuta ya taa katika makaa ya mawe, na baadaye kazi hiyo ikahamia kwenye mwamba wa mafuta. Viwanda vya Uskoti vilidumu hadi 1962. Vilipofungwa viliacha vilima vyekundu vya mawe yaliyookwa, ambavyo vingali vinaonekana magharibi mwa Edinburgh hadi leo. Estonia imeutegemea mwamba huo kwa karne nzima, ikapata umeme, na ikapata pia milima ya majivu. Nchini Uchina kazi hiyo imefanywa Fushun. Katika bara letu, Afrika Kusini ilitoa mafuta ya namna hii kuanzia 1935 hadi 1962, na mwaka 1955 ilianza kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta huko Sasolburg. Karibu na Kisangani, nchini Kongo, wanajiolojia wa enzi ya Wabelgiji waliandika juu ya mwamba wa mafuta uliomo katika bonde la mto huo mkuu.

Lakini kisa kinachostahili kusomwa kwa makini zaidi ni kile cha jimbo la Colorado, Marekani. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, kampuni kubwa zilimiminika huko na miji ikajengwa kwa pupa. Kisha bei ikaanza kuteremka. Tarehe 2 Mei 1982, kampuni ya Exxon ilitangaza kwamba inaufunga mradi wake, na zaidi ya watu 2,000 wakapoteza kazi kwa mpigo. Wenyeji wa huko huiita siku hiyo Jumapili Nyeusi. Tufahamu kwamba mwamba haukuisha wala tanuri halikukataa kuwaka. Kilichobadilika ni bei katika soko la dunia, jambo ambalo mwanakijiji hana usemi nalo hata kidogo.

Sasa turudi nyumbani. Kinachojulikana Kitui ni makaa ya mawe ya bonde la Mui. Serikali ilianza kuchimba visima vya uchunguzi huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Eneo hilo la karibu kilomita 500 za mraba liligawanywa katika vitalu vinne, na katika Kitalu C pekee yalikadiriwa makaa ya tani milioni 400. Kampuni ya Fenxi kutoka Uchina ilipewa haki ya kuchimba katika sehemu ya bonde hilo, na mnamo Desemba 2013 ukatiwa saini mkataba wa jinsi manufaa yatakavyogawanywa. Zaidi ya miaka kumi ilipita baada ya saini hizo bila uchimbaji wa kibiashara kuanza. Katika muda huo wote wakazi waliishi na swali moja: Je, tutahamishwa au hatutahamishwa? Mtu asiyejua kama atakuwepo mwaka ujao hajengi nyumba ya mawe, hapandi miembe, wala hachimbi kisima.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapopaswa kuingia.

Tulichunguze neno "makaa". Kwa Mswahili na kwa Mkenya wa kawaida, makaa ni kile kitu chepesi cheusi kinachouzwa kwa debe na kwa gunia kando ya barabara kuu ya Mombasa, kuanzia Mtito Andei hadi Emali. Tukitaka kutaja kile kinachochimbwa, huongeza neno moja tu: makaa ya mawe. Masikioni mwa msikilizaji, vitu hivi ni ndugu wa baba mmoja. Lakini tofauti yake ni ya mbingu na ardhi. Mgunga uliokatwa waweza kuchipua. Shimo la makaa ya mawe halichipui. Tanuri la mchoma makaa huchukua nafasi ya chumba kimoja, na mwezi ujao mahali hapo paweza kuota majani. Mgodi wa wazi huchukua vijiji, makaburi, shule na chemchemi. Mtu akiambiwa katika baraza kwamba "makaa yamepatikana na yatachimbwa", bila maelezo zaidi, neno hilo linamfariji wakati ambapo lilipaswa kumwamsha.

Tulichunguze pia neno lingine linalopendwa mno na maafisa wetu, nalo ni "kushirikishwa". Kiswahili kina kitenzi kizuri, shiriki. Anayeshiriki ni mtenda. Tukikiongezea kiambishi cha kusababisha, tunapata shirikisha, na hapo mtenda amekuwa mtu mwingine. Tukiongeza na kiambishi cha kutendwa, tunapata shirikishwa, na hapo mwananchi amekuwa mtendwa. Hakuja mwenyewe, ameletwa. Hakuuliza, amearifiwa. Sisemi kwamba kila anayelitumia neno hili ana nia mbaya, la hasha. Lakini sarufi husema kweli ambayo msemaji hakukusudia kuisema. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Ushiriki na ushirikishwaji si kitu kimoja.

Kuna watakaoniambia kwamba sheria imekwisha kulitazama jambo la lugha. Ni kweli kwa kiasi. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu hicho hicho kinaiagiza Dola kukuza lugha za wenyeji. Hata kabla ya hapo, kanuni za 2003 kuhusu tathmini ya athari za mazingira ziliagiza kwamba ifanywe angalau mikutano mitatu ya hadhara na watu wanaohusika, na kwamba tangazo lisomwe redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji.

Lakini tazama ni kitu gani kilichoagizwa kusomwa kwa lugha ya mwenyeji: ni tangazo. Ripoti yenyewe, yenye mamia ya kurasa, kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mkataba huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Basi mzee wa Mutitu anaitwa kwa lugha aijuayo, ili aje kutoa maoni juu ya kitabu asichoweza kukisoma. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Huyu alikuwepo, amekaa mstari wa mbele, jina lake limeandikwa katika daftari la mahudhurio na pengine ametia kidole gumba. Na hata hivyo lake halipo.

Mahakama zetu zimeliona jambo hili kwa namna yake. Katika uamuzi wake wa 2015 juu ya kesi za wakazi wa Mui, Mahakama Kuu ilieleza kwa kirefu misingi ya ushiriki wa umma, ukiwemo wajibu wa kuwapa watu habari zinazohusika. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme uliokusudiwa kujengwa Lamu, mtambo ambao ulitazamiwa baadaye kutumia makaa ya Kitui. Mojawapo ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakupewa nafasi ya kutosha ya kuyajadili matokeo ya utafiti wenyewe. Mradi wa mabilioni ulianguka kwa sababu maneno hayakuwafikia watu kwa wakati na kwa njia ifaayo. Anayedhani kwamba kueleza ni kupoteza wakati na aihesabu hasara hiyo.

Na kama mtu wa Makueni anadhani kwamba jambo hili ni la jirani yake wa Kitui, nitamkumbusha Thange. Bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978, nalo hupita katika ardhi ya Makueni. Mnamo Mei 2015 mafuta yalivuja huko Thange, karibu na Kibwezi, yakaingia katika udongo na katika maji ya mto ambayo watu walikuwa wakiyanywa na kunyweshea mashamba. Kesi yao ilichukua miaka, na ni mwaka 2025 tu ambapo mahakama iliamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni tatu. Watu wa Thange walijifunza msamiati wa mafuta wakiwa tayari wameshayaonja katika maji. Mimi nasema msamiati uje kwanza.

Najua kuna hoja nzito upande wa pili, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza ni umaskini. Kitui na Makueni ni nchi ya ukame. Mvua ikikosekana misimu miwili, karo ya mtoto hutoka katika gunia la makaa. Mnamo Januari 2018 serikali ya kaunti ya Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga nje ya kaunti. Nia yake ya kuilinda miti ilieleweka. Lakini uhasama ulizuka, lori likachomwa moto, na mchoma makaa akabaki na swali lake lile lile: nitakula nini? Vile vile, anayempinga mchimbaji wa makaa ya mawe lazima aseme vijana watafanya kazi gani. Nakubali. Mimi simpingi mchimbaji, wala sisemi kwamba kila jiwe liachwe lilipo. Ninachosema ni kwamba umaskini ni sababu ya kumweleza mtu zaidi. Tajiri akidanganywa hupoteza mali. Maskini akidanganywa hupoteza mahali pa kuishi.

Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili, sembuse Kikamba, hakina istilahi za mambo haya. Hoja hii nimeisikia tangu nilipokuwa mwanafunzi, na nimechoka kuisikia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Msomaji aliyefika hapa ameshasoma juu ya kerojeni, tanuri lililofungwa, mvuke unaopozwa na mawe yaliyookwa, wala hakuhitaji mkalimani. Isitoshe, mtu asiyeweza kuueleza mpango wake kwa lugha ya watu watakaouishi, ama hauelewi yeye mwenyewe, ama hataki ueleweke. Hakuna sababu ya tatu ninayoijua.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, kila ripoti ya athari za mazingira na kila mkataba unaogusa ardhi ya watu uwe na muhtasari kamili kwa Kiswahili na kwa lugha ya eneo, na muhtasari huo uwafikie watu siku za kutosha kabla ya mkutano. Ueleze mambo ambayo mwanakijiji angeyauliza mwenyewe: maji yatatoka wapi, uchafu utamwagwa wapi, nani atahama, atalipwa lini na kwa kipimo gani, na bei ikianguka kama ilivyoanguka Colorado, ni nani atakayelifukia shimo. Tena iwapo muhtasari huo unapingana na maandishi ya Kiingereza, mwenye mradi ndiye abebe lawama, si msomaji.

Pili, vyuo vyetu vitoke nje ya kuta zake. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, katika kaunti hiyo hiyo ya Kitui. Taasisi ya Utafiti wa Misitu nayo ina kituo Kitui, na imefanya kazi ya kusifika juu ya mti wa mukau, mti wa nchi kavu unaokua haraka na kutoa mbao bora. Idara za lugha na idara za sayansi zikae meza moja, zitunge istilahi pamoja na wazee wa mahali hapo. Mchoma makaa ana maneno yake ya hatua za moto, rangi za moshi na aina za udongo. Tukianzia katika maneno hayo, hatutahitaji kuazima mengi.

Tatu, na hapa nawageukia hasa walimu na wanafunzi. Mwalimu wa kijijini tayari ni mfasiri asiyelipwa. Ndiye asomaye barua za serikali kwa wazazi wasiojua Kiingereza. Basi ayaingize mambo haya darasani. Mwalimu wa kemia aoneshe jinsi kijiti kinavyogeuka makaa katika mkebe uliofunikwa, aeleze moshi ule ni nini na ungekuwa nini kama ungepozwa. Mwalimu wa Kiswahili atoe insha: "Kijiji chetu kimeambiwa kina makaa ya mawe. Andika maswali kumi ambayo ungemuuliza mwekezaji." Mwalimu wa jiografia awaonyeshe Uskoti na Estonia. Na mwanafunzi arudi nyumbani jioni akamweleze bibi yake kwa Kikamba. Akishindwa kumweleza, basi na ajue kwamba hajalielewa somo, hata kama amepata alama zote katika mtihani.

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyozaliwa na mzizi mmoja. Majaribio ni kazi ya mtaalamu: hupima, hukosea, huandika, hujaribu tena. Majaribu ni mateso yanayompata mtu bila yeye kuyataka. Tofauti yake ni herufi chache tu mwishoni mwa neno. Lakini mtaalamu anapojaribu mitambo yake juu ya ardhi ya watu ambao hawakuelezwa wakaelewa, herufi hizo hutoweka, na majaribio ya mmoja huwa majaribu ya mwingine.

Wenyeji husimulia kwamba jina la Kitui lina uhusiano na wafua vyuma waliokaa huko zamani, watu walioujua moto wa makaa kabla ya mgeni yeyote kuja na ramani. Watu wa namna hiyo hawashindwi kuelewa habari ya tanuri. Wanachongoja ni mtu wa kuwaeleza kwa lugha yao, kisha akae kimya awasikilize wanavyojibu.